Israfu, Haja na Dirisha la Vioo Viwili

Nyumba nyingi za Uingereza bado zina madirisha ya miaka ya 1980 na 1990 yaliyotengenezwa kwa vioo viwili vyenye nafasi nyembamba ya hewa katikati, iliyozibwa pande zote ili isipenye hewa nyingine, na kila majira ya baridi yanapokaribia wenye nyumba hizo hujiuliza kama inafaa kuyang'oa na kuweka mapya. Swali hilo huchukuliwa kuwa la hesabu tupu, na hesabu yenyewe haina ugumu. Upotevu wa joto hupimwa kwa thamani-U, yaani idadi ya wati zinazopita katika mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Dirisha la kioo kimoja hupoteza wati 5 hivi, la zamani la vioo viwili karibu 2.8, na jipya, kwa kiwango kilichowekwa na kanuni za ujenzi za England zilizoanza kutumika mwaka 2022, wati 1.4. Nafuu hiyo hutokana na utando mwembamba sana wa madini, aghalabu fedha, unaopakwa kwenye kioo ili urudishe miali ya joto ndani ya chumba, pamoja na gesi ya agoni inayojazwa mahali pa hewa.

Ikichukuliwa nyumba ya London yenye mita 15 za mraba za madirisha, na baridi ya mwaka ikakadiriwa kuwa digrii-siku 2,000 (kipimo kinachojumlisha, siku baada ya siku, digrii ambazo hewa ya nje hupungua chini ya 15.5), akiba inayopatikana ni takribani kilowati-saa 1,000 kwa mwaka. Kwa bei ya gesi ya peni 6 au 7 kwa kilowati-saa, na baada ya kuzingatia kinachopotea katika boila, akiba hiyo ni pauni 70 na kitu. Madirisha yakigharimu pauni 6,000, fedha hizo zitarejea baada ya miaka 80 hivi, ilhali vioo vilivyozibwa kwa kawaida hudumu miaka 20 hadi 30. Dirisha, basi, hufa kabla halijalipa deni lake.

Mtetezi wa madirisha mapya anaweza kujibu kwamba hesabu ya namna hiyo inawadharau watu wa kesho, na jibu hilo lina uzito wake katika falsafa. Frank Ramsey, mwanahisabati wa Cambridge, alidai mwaka 1928 kwamba kuipunguzia thamani starehe ya baadaye kwa sababu tu ni ya baadaye hakuna utetezi wa kimaadili, ingawa Hazina ya Uingereza mpaka leo hupunguza thamani ya faida za mbele kwa asilimia 3.5 kila mwaka inapopima miradi ya umma. Hata hivyo, hoja ya Ramsey hailiokoi dirisha hili, kwa kuwa miaka 80 imepatikana bila kupunguza chochote. Hoja ya hewa ukaa ina nguvu zaidi, maana kilowati-saa 1,000 za gesi hutoa kilo zipatazo 180 za hewa hiyo, na madhara yake huwaangukia watu wasiokuwa na sauti katika uamuzi. Lakini kioo kipya nacho huyeyushwa katika tanuri la nyuzi 1,600, na fedha zilezile zikitumika kufunika dari kwa sufi ya madini au kuziba mianya ya upepo, aghalabu huzuia joto jingi zaidi.

Hapo ndipo fikra ya Kiislamu kuhusu israfu, yaani kupita kiasi katika jambo ambalo asili yake ni halali, inapofaa kuliko hesabu. Qur'ani, katika sura ya al-Furqan, aya ya 67, huwasifu wanaoshika njia ya kati baina ya ufujaji na ubahili, lakini njia hiyo haina kipimo kimoja kwa watu wote. Al-Shatibi, mwanazuoni wa sheria ya Kiislamu wa Granada aliyefariki mwaka 1388, aliyagawa masilahi ya binadamu katika ngazi tatu: dharura, ambayo ikikosekana maisha huharibika, haja, ambayo ikikosekana watu huishi kwa taabu, na tahsini, yaani mambo ya kupendezesha. Dirisha moja laweza kukaa katika ngazi yoyote kati ya hizo. Mzee anayekaa kutwa karibu na kioo baridi huhisi baridi hata hewa ya chumba ikiwa na joto la kutosha, kwa sababu mwili wake hupeleka miali ya joto kwenye kioo hicho. Kwake dirisha bora ni haja, na kudai kwamba halilipi ni kupima kwa mizani isiyohusika, kwani hakuna anayeuliza blanketi litarejesha fedha zake lini. Kwa jirani yake mwenye siha, anayechukizwa tu na fremu zilizopauka, dirisha hilohilo ni tahsini. Tahsini si haramu. Kilicho kibaya ni kuivisha vazi la uwekevu, mtu akajiaminisha kwamba anabana matumizi ilhali ananunua urembo, kwa maana mwenye kujidanganya katika nia hawezi tena kujua mahali kiasi kinapoishia.

Uamuzi hubadilika zaidi pale anayelipa asipokuwa anayehisi baridi. Mwenye nyumba ya kupangisha hatapata hata hizo pauni 70, kwa kuwa gesi hulipiwa na mpangaji, na kwa sababu hiyo hesabu yake itamwambia daima asibadilishe kitu. Lakini wajibu wake ni wa haki, nao hautegemei faida. Aliyepokea kodi ya chumba anadaiwa chumba kinachokalika.

Kwa hiyo madirisha ya zamani yaliyo mazima, yanayofunga vizuri na yasiyomtaabisha mtu, hayastahili kung'olewa kwa jina la akiba. Yaliyooza fremu, au yanayomnyima mkaaji joto analolihitaji, yabadilishwe bila kuulizwa yatajilipa lini. Na yale yaliyoingiwa na ukungu kati ya vioo, dalili kwamba kizibo kimeachia, aghalabu huhitaji vioo vipya tu ndani ya fremu ileile, kazi ambayo gharama yake ni ndogo kuliko kununua dirisha zima.