Msitu Uliokatazwa na Mtu Mwenye Njaa

Liko swali moja tunalolikwepa kila siku hapa Kisangani, ingawa linapita mbele ya milango yetu. Linapita asubuhi na mapema, juu ya baiskeli. Mtu anatoka upande wa barabara ya zamani ya Buta, anasukuma baiskeli yake kwa jasho, na nyuma yamefungwa magunia ya makaa, au makala kama tunavyosema kwetu. Sisi tunamwita, tunabishana naye bei, tunanunua. Kisha tunapika pondu, tunakula, tunamshukuru Mungu. Lakini hatumwulizi: Ndugu, makaa haya yametoka katika mti gani? Na mti huo ulikuwa umesimama wapi?

Hatumwulizi kwa sababu tunaogopa jibu. Maana upande ule, kilomita 14 hivi kutoka mjini, ndani ya kona kubwa ya mto Tshopo, uko msitu wa Masako. Msitu huo ulitengwa kwa amri ya serikali mwaka 1953. Ukubwa wake waandikwa kuwa hekta 2,105. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekwenda huko miaka mingi kuchunguza miti na wanyama wake. Karatasi yasema: Usikate. Lakini shoka linakata, na tanuri za makaa zinatoa moshi.

Basi, swali letu ni hili: Mtu mwenye njaa akikata mti katika msitu uliokatazwa, mwenye dhambi ni nani?

Wengine watajibu upesi: Ni yule aliyekata. Wengine watajibu upesi vilevile: Ni yule aliyekataza. Sisi twaona majibu yote mawili ni mafupi mno. Tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza yafaa tujue kama katazo lenyewe ni la haki. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili alipewa mtu yuleyule siku ileile. Anayelima bila kutunza amefanya nusu ya kazi yake. Na katika Kumbukumbu la Sheria iko amri ndogo ambayo wengi wetu huipita bila kuitazama: mtu akikuta kiota cha ndege njiani, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Tuone hekima iliyomo. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimkataza kumaliza. Mama akibaki, mwaka ujao kutakuwa na kiota tena.

Sasa, katika msitu wetu mama ni nani? Tutwae mti wa limbali, ambao wazee wanaujua vizuri. Mbegu zake ni nzito. Haziruki na upepo kwenda mbali, bali huanguka karibu na mti uliozizaa, na miche huota kivulini pa wazazi wake. Kwa hiyo msitu wa limbali hutanuka polepole sana, hatua kwa hatua. Ukiukata wote mahali fulani, usitegemee kwamba utarudi wenyewe katika maisha yako. Itaota miti mingine, ile ya haraka, na vichaka. Limbali wenyewe utakawia, pengine hata wajukuu wako wasiuone. Kumbe aliyeutenga msitu wa namna hii hakukosa. Amemwacha mama aendelee kuzaa.

Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo watu wanavyogawana nyama kweli: asiyefika mezani hukosa. Lakini haki ya Kikristo hufanya kinyume. Humwekea asiyekuwapo fungu lake. Watoto ambao hawajazaliwa hawawezi kuja kwenye mkutano wa kijiji wala kwenye ofisi ya mazingira. Hawana mwakilishi. Msitu uliotengwa ni fungu lao lililofunikwa sahani. Mwenye kulila usiku amewaibia watu wasioweza kumshitaki.

Hata hapo, mtu atasimama na kutuambia: Maneno yenu ni mazuri, lakini watoto wangu wamekwisha kuzaliwa, nao wana njaa leo. Je, tumjibu nini?

Tusimjibu kwa hasira. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa, alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa kabisa, ya kufa au kupona, akitwaa chakula cha mwingine apate kuishi, hahesabiwi kuwa mwizi. Maana Mungu aliwapa watu wote vitu vya dunia kwa ajili ya kuishi, na haki ya mtu mmoja kumiliki haiwezi kumwua mwenzake. Mafundisho hayo hayajafutwa. Basi mjane wa kijijini aliyekosa shamba, ambaye mtoto wake ana homa na dawa yataka fedha leo, akikata mti mmoja wa Masako, sisi hatuthubutu kumtupia jiwe.

Lakini tuyashike mafundisho hayo kwa uaminifu, tusiyavute kama mpira. Shida ya mjane haimfuniki mfanya biashara mwenye fedha anayewatuma vijana kumi na mashoka, akajaza lori na kuuza mjini kwa faida. Huyo hana njaa ya chakula, ana njaa ya mali. Tena shida ya leo haiwi ruhusa ya kila siku. Mtu hula mkate wa jirani siku moja apate kupona. Akiufanya kuwa desturi, basi dawa imekuwa ugonjwa. Na hapo swali linageuka: kwa nini shida yake inarudi kila siku? Ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuiondoa?

Tutazame mbali kidogo, maana mambo ya wengine hutufumbua macho. Kaskazini ya China, katika jimbo la Hebei, uko mlima Wuling, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,100, nchi ya baridi yenye misonobari na mialoni. Wafalme wa ukoo wa Qing walikuwa na makaburi yao upande wa kusini. Kwa ajili ya heshima ya makaburi hayo waliufunga mlima ule kuwa nchi ya mwiko. Mtu asiingie, asilime, asikate. Kwa miaka zaidi ya 200 msitu ukanenepa. Lakini mwaka 1912 ufalme ule ukaanguka. Hapo watu wakaingia, shoka zikaanza, na msitu uliolindwa kwa vizazi vingi ukakatwa sana katika muda mfupi. Baadaye serikali mpya ililazimika kuanza kuutunza tena, na mwaka 1988 mlima ule ukawekwa kuwa hifadhi ya taifa.

Twajifunza nini? Katazo lililosimama juu ya hofu tu huanguka pamoja na mwenye kutisha. Wale wafalme walilinda miti kwa ajili ya wafu. Hawakuwapa walio hai sababu ya kuipenda. Siku ile mlinzi alipoondoka, kwa nini mkulima wa pale aulilie msitu ambao kwake ulikuwa ukuta tu?

Turudi kwetu. Mwaka 1953 amri ya Masako ilitoka katika serikali ya kikoloni ya Wabelgiji. Nchi zile Wakumu walikuwa wakiishi, wakilima na kuwinda kabla ya karatasi hiyo. Uhuru ukaja mwaka 1960, kisha maasi, kisha vita. Mwaka 2000 majeshi ya nchi mbili za kigeni yalipigana siku sita katika mji wetu wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yasema misitu ni mali ya Serikali. Sawa. Lakini mwenye mali ana wajibu. Ukimwambia mtu: Usipite hapa, mwonyeshe anapoweza kupita. Ukimwambia: Usikate huu, mwonyeshe ule anaoweza kukata. Anayemkataza mwenye njaa amechukua deni, na deni hilo halilipwi kwa kibao kilichopigiliwa misumari kwenye mti.

Na si kazi isiyowezekana. Huko Mampu, katika uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, ilipandwa akasia katika hekta 8,000 hivi, na familia za wakulima zikapewa kila moja hekta 25. Mkulima anakata akasia yake, anachoma makaa, analima muhogo mahali palepale, na akasia inaota tena. Karibu nasi, huko Yangambi, miti ya namna hiyo imepandwa katika miaka ya karibuni kwa shabaha ileile. Tena tangu mwaka 2014 dekreti ya Serikali inaziruhusu jamii za vijiji kuomba msitu uwe mikononi mwao, wautumie na kuutunza wenyewe. Hizi ndizo njia za kulipa deni. Anayelinda kwa sababu ni chake hulinda hata usiku.

Mpaka hapa tumesema habari za wengine: mkataji, mfanya biashara, Serikali. Wasomaji wapendwa, sasa inatupasa kujitazama sisi wenyewe, watu wa mjini.

Mto Tshopo unaouzunguka msitu wa Masako ndio mto uleule unaozungusha mitambo ya umeme hapa mjini, iliyojengwa katika miaka ya 1950. Tangu wakati ule mji umekua kupita kiasi, na umeme hautoshi. Nyumba nyingi hazipiki kwa umeme hata siku moja. Kwa hiyo kila sufuria ya Kisangani inakula msitu. Mkataji wa Masako hachomi makaa apate kuyatazama. Anayachoma kwa sababu sisi tunanunua. Shoka lina mpini mrefu sana: ncha yake iko msituni, na mwisho wake uko jikoni kwetu. Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tunakula naye kila siku, kisha tunamwita mharibifu.

Je, tuache kupika? La. Hata sisi tuna shida ya kweli, na Mungu anaijua. Lakini yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tunaweza kutumia jiko la udongo linalobana moto, lisile makaa bure. Tunaweza kumwuliza mwuzaji makaa yake yametoka wapi, na kumlipa vizuri zaidi yule aliyekata katika shamba lake au katika miti ya kupandwa. Parokia zetu zina viwanja. Mbona tusipande miti humo, ili wenye shida kabisa wapate kuni bila kuvunja sheria? Na tunaweza kudai umeme kwa sauti moja, kama raia, bila matusi na bila kuchoka.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliutaja ukanda wa Kongo kuwa mmoja wa mapafu ya dunia. Mwaka 2023 alifika Kinshasa, akalaumu kwa nguvu wale wanaoinyonya nchi yetu. Maneno hayo mawili yaende pamoja. Kama dunia yote yavuta pumzi kwa msitu wetu, basi dunia yote ina sehemu katika deni. Haifai mataifa yenye viwanda yamwambie mjane wa Masako auache mti, huku hayampi hata jembe. Wala haifai sisi tujifiche nyuma ya makosa yao.

Basi, mwenye dhambi ni nani? Twajibu hivi. Aliyekata kwa tamaa ana dhambi yake. Aliyekataza bila kumjali mwenye njaa ana dhambi yake. Na anayenunua huku amefumba macho ana yake. Yule mjane, kama kweli hakuwa na njia nyingine, yeye ndiye mwenye mzigo mwepesi kuliko sisi sote, ingawa ndiye anayekamatwa kwanza.

Jioni tunapoipima dhamiri yetu kabla ya kulala, tumezoea kujiuliza kama tumesema uongo, kama tumechukua cha mtu. Tuongeze swali moja: Chakula cha leo kimepikwa kwa fungu la nani?