Kumpa mzee kivuli ni ibada

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (sw), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (saw), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, imejengeka miongoni mwetu fikra kwamba kuvumilia jua ni alama ya imani. Mzee wa miaka 75 akitoka saa saba mchana kwenda kuswali Adhuhuri, tunasema: mashaallah, mzee ana imani. Tunamsifu, kisha tunamwacha aende peke yake. Je, hayo ndiyo mafundisho ya dini yetu?

Wapo wanaotoa hoja ya Suratut-Tawba, aya ya 81, ambamo wanafiki waliambizana wasitoke kwa sababu ya joto, wakajibiwa kuwa Moto wa Jahannamu ni mkali zaidi. Aya hiyo ni haki. Lakini iliwashukia watu wenye nguvu zao, waliolifanya joto kisingizio cha kukimbia msafara wa Tabuk. Haikumshukia bibi mwenye presha.

Mtume (saw) mwenyewe alifanya nini lilipokuja jua kali? Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliamrisha Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Katika safari moja, mwadhini alitaka kuadhini, akamzuia mpaka vivuli vya vilima vikaonekana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakasema kuchelewesha huko ni sunna katika nchi za joto, kwa jamaa inayoendewa kutoka mbali. Tujiulize, ni misikiti mingapi ya Dar es Salaam au Mombasa inaihuisha sunna hii?

Lipo jingine lililo wazi zaidi. Bukhari amepokea kisa cha Abu Israil, aliyeweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asiingie kivulini, asiseme, na afunge. Mtume (saw) akaagiza aseme, aingie kivulini, akae, na akamilishe saumu yake. Ibada ilibaki, kujitesa kukaondolewa.

Sasa tutazame joto linaufanya nini mwili wa mzee. Mwenyezi Mungu (sw) ametueleza katika Suratur-Rum, aya ya 54, kuwa mwanadamu hutoka katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha hurejeshwa katika udhaifu na mvi. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho na kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Kwa mzee, jasho hupungua, moyo huchoka kusukuma damu, na hata kiu huwa haimjii kwa wakati. Anaweza kuwa amekaukiwa na maji mwilini, ukimuuliza akakwambia hana kiu. Na akiwa anatumia zile dawa za presha zinazokojosha, hatari huongezeka. Pwani kwetu kuna unyevunyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na lisipokauka halipozi mwili.

Madhara hayaishii siku ile ya joto. Februari 2025, watafiti Eunyoung Choi na Jennifer Ailshire wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa utafiti uliohusu watu zaidi ya 3,600 wenye umri wa miaka 56 na kuendelea. Walipima katika damu alama zinazoonyesha mwili umezeeka kiasi gani, mbali na miaka ya kalenda. Ilionekana kuwa walioishi mahali ambapo karibu nusu ya mwaka joto, likijumlishwa na unyevunyevu, hufikia nyuzi 32 na zaidi, miili yao ilikuwa imezeeka zaidi kwa hadi miezi 14, ikilinganishwa na walioishi mahali penye siku chache za joto hilo. Nyuzi 32 si kitu kigeni kwetu. Kuanzia Desemba hadi Machi ndiyo hali yetu, na mzee analala chini ya bati lisilo na dari.

Tuzingatie mifano miwili. Mwaka 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi wakiishi peke yao. Mjini Paris, maiti 57 zilikosa wa kuzichukua zikazikwa na serikali. Tusiwacheke. Suratul-Israi, aya ya 23 na 24, inatutaka tuwainamishie wazazi bawa la unyenyekevu wanapofikia uzee, na hata humu mwetu wapo wazee wanaoshinda ndani peke yao tangu asubuhi hadi magharibi.

Mfano wa pili ni Hija ya mwaka 2024. Joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 walikuwa mahujaji wasio na kibali, waliotembea masafa marefu juani bila hifadhi. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wagonjwa. Na Mtume (saw), katika Hija yake ya kuaga, alifunikwa na sahaba wake kwa nguo dhidi ya joto mpaka akarusha mawe Jamaratul-Aqaba. Muslim ameipokea. Basi mzee wako usimpeleke kwa njia za mkato, na asiyeweza kurusha mawe amuwakilishe mwingine.

Yaliyo mikononi mwetu ni haya. Mpe mzee maji kila baada ya muda, usingoje aombe. Mtoe kwenye chumba cha bati saa za mchana, akae penye upepo na kivuli. Mloweshee kitambaa shingoni na mikononi. Muulize daktari kuhusu dawa zake, wala usimwachishe mwenyewe. Ramadhani, asiyeweza kufunga kwa uzee ana ruhusa ya kulisha maskini. Ukimwona amechanganyikiwa na mwili unawaka, hiyo ni dharura: mweke kivulini, mmwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali. Akizimia usimnyweshe kitu.

Na kamati za misikiti zina wajibu wao. Siku ya Ijumaa, vijana ndio wanaokaa ndani penye feni, na wazee waliochelewa kwa unyonge wa miguu wanaswali nje juani. Hili linarekebishika wiki hii hii. Watengewe safu ndani, pawekwe mtungi wa maji mlangoni, khutba ifupishwe, na upandwe mwarobaini uani.

Mtume (saw) alionya juu ya laana kwa anayechafua kivuli wanachopumzikia watu. Ikiwa kukiharibu kivuli ni dhambi ya kiasi hicho, tusidharau thawabu za kukiweka.

Wabillahi tawfiq.