Siku Mgongo Utakapogoma

Wanangu, nawasikia mkisema mtaani kwamba kijana akiacha pombe, dawa yake ni jimu. Mama zenu wanasema hivyo, mashehe na wachungaji wanasema hivyo, hata mjumbe wa mtaa kasema kwenye kikao. Sipingi. Nimekaa karibu na vyuma muda mrefu, tangu nikiwa mwalimu wa michezo hadi sasa ninapotunza funguo za banda hili hapa Temeke, na nimeona vijana walioingia wakinuka gongo wakatoka watu. Lakini hamjaambiwa habari yote, na ile iliyobaki ndiyo inayowarudisha wenzenu kilabuni.

Habari yenyewe ni kwamba utaumia. Sisemi ukizembea utaumia, nasema utaumia. Anayenyanyua vyuma miaka na miaka, siku moja bega, goti au kiuno kitagoma, awe mzembe au mwangalifu. Na kwa aliyeacha pombe, siku hiyo ina hatari kubwa kuliko ile aliyoachia chupa. Unapoacha, kila mtu anakupongeza, mama anakupikia, jirani anakusalimu kwa jina. Unapoumia umelala chali chumbani, jioni inaingia, saa ya tizi imefika na huna pa kuipeleka.

Kabla sijafika huko, nina neno kwa wale ambao bado wanakunywa kila siku, wanaoamka mikono ikitetemeka mpaka wapate tone la kwanza. Msije hapa kesho asubuhi mkasema nimeacha, nipe chuma. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kuingia degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada ya hapo mtu akaweweseka, akaona visivyokuwepo, wengine wakafa. Anzeni hospitali. Daktari ana dawa za kumvusha mtu siku hizo. Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017, na wengi tukashangilia, maana watoto wa shule walikuwa wanavificha mifukoni. Kiu, hata hivyo, haikupigwa marufuku, na haiondoki kwa amri, iwe ya serikali au ya kwako mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kuumia. Kwa nini hawa walioacha pombe, kwa nilivyoona hapa bandani, huumia mapema kuliko wengine? Kwa sababu wananyanyua kama walivyokuwa wakinywa. Mtu hajui kidogo. Akija Jumatatu anataka kilo za Ijumaa, akisifiwa anaongeza, akiumwa ananyamaza. Mwanzoni mwili unamwitikia, na hapo ndipo anapodanganyika. Msuli unapata damu nyingi, kwa hiyo wiki chache tu umeshapata nguvu, na baada ya miezi michache fulana inabana. Kano, zile kamba ngumu zinazoshikilia msuli kwenye mfupa, zinapata damu kidogo, na kuimarika kwake ni kwa miezi mingi. Ukijitazama kwenye kioo unaona mwili uliotangulia, na mwili wenyewe wa kubeba mzigo bado uko nyuma. Ni nyumba iliyoezekwa bati jipya wakati ukuta bado mbichi. Ongeza lishe mbovu kwa mtu ambaye kwa miaka chakula chake kilikuwa pombe, na usingizi uliovurugika, mkajionee.

Alikuwepo fundi mmoja wa gereji, jina lake nalihifadhi. Aliacha kunywa, akaja hapa, akawa kijana wa kutolea mfano. Sikupenda namna wenzake walivyokuwa wakimpigia kelele, "Ongeza! Ongeza!", kila alipoinama kuinua chuma kutoka chini. Siku moja kiuno kikashika, maumivu yakashuka nyuma ya paja mpaka vidoleni. Akapelekwa kwa mkandaji, akakandamizwa mgongo mpaka akalia. Kisha duka la dawa muhimu, akanunua diklofenaki. Kisha washikaji wakaja kumjulia hali, na mmoja kwa huruma kabisa akaja na chupa ndogo ya kupoza maumivu.

Nataka mmwelewe huyo mwenye chupa. Hakuwa adui. Alimpenda. Ila hakuna aliyemwambia kwamba diklofenaki na pombe tumboni vinaweza kuchubua tumbo mpaka mtu akatoa choo cheusi, yaani damu. Wala kwamba panadoli ikizidishwa kwa mlevi inakwenda kuumaliza ini. Na tramadoli, ambayo vijana wanaipata kwa njia za uani, ni uraibu mwingine uliovaa koti jeupe. Ukiichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika usingizini. Anayeandikiwa dawa na akaona aibu kumwambia daktari kwamba yeye ni mlevi aliyeacha, aibu hiyo atailipia.

Fundi alirudi kunywa. Watu wakasema imani yake ilikuwa haba. Mimi nasema alikuwa na imani ya kutosha, alichokosa ni jioni. Sisi tulimnyang'anya kilabu tukampa jimu, na jimu ilipofungwa na mgongo, hakubaki na kitu cha tatu.

Mkitaka mfano mkubwa kuliko wa Temeke, yupo Henry Rono, mkimbiaji Mnandi wa Kenya. Mwaka 1978 nilikuwa kijana, na jina lake lilikuwa redioni kila mara. Ndani ya siku 81 alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980, kwa hiyo miguu ile haikupata kamwe uwanja ule. Pombe ikaingia. Huko Marekani alifika mahali pa kulala kwenye makazi ya wasio na nyumba, akaosha magari ya watu. Kuna mjanja mmoja hapa bandani huniambia, "Mzee, mbona mwaka 1981 alivunja rekodi ya mita 5,000 kule Norway na usiku uliotangulia alikuwa amelewa?" Ni kweli hivyo ndivyo inavyosimuliwa, dakika 13 na sekunde 6. Ninachomjibu ni kwamba ile ndiyo ilikuwa rekodi yake ya mwisho ya dunia. Usichukue hatua ya mwisho ya safari ya mtu ukaifanya ushahidi.

Na msiishie hapo, maana habari yake haikuishia kwenye chupa. Aliacha pombe, akafundisha watoto na kufundisha riadha huko New Mexico, akaandika kitabu bila kujificha, na alipovuka miaka 50, mwili ukiwa umenenepa, akarudi kukimbia. Alifariki Kenya Februari 2024. Mimi nataka mtazame ile miaka ya kufundisha. Siku ambazo miguu haikuwa na mashindano, alikuwa na mtu wa kumsubiri.

Kwa hiyo mkiwa wazima, sasa hivi, tafuteni cha tatu. Sijali ni nini. Kwaya, madrasa, kufuga kuku, kumfundisha mdogo wako hesabu, bao. Kiwe kitu ambacho mtu mwenye mgongo mbovu anaweza kukifanya akiwa amekaa. Mchague pia mtu mmoja aliyewahi kunywa akaacha, mwambie mapema: nikiumia, nitakupigia simu saa kumi na mbili jioni, na wewe usinihubirie. Mke hafai kazi hiyo, mama pia hafai, wana hofu yao wenyewe ya kubeba.

Kiuno kikishika, usilale kitandani wiki nzima ukingoja kipone. Maumivu mengi ya mgongo hupoa ndani ya wiki kadhaa, na kutembea taratibu kunasaidia kuliko godoro. Ila ukihisi ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje asubuhi wala usiende kwa mkandaji; nenda hospitali usiku huohuo. Hilo halina mjadala.

Habari za sindano za kutunisha misuli nitazisema kwa ufupi kwa sababu zinanichosha. Zinasinyaza korodani na zinachosha moyo. Anayeziuza bandani kwangu namtoa na begi lake.

Yule fundi, mkitaka kujua, amerudi. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimpa mazoezi ya kulala chali na kunyanyua kiuno, mazoezi ya bibi, kama alivyoyaita kwa hasira. Anayafanya pale kona ya nyuma, na jioni anawafundisha watoto wa mtaa kutengeneza baiskeli. Wakubwa wanaopita wakimcheka, nawaambia wajaribu kukishikilia kiuno juu kwa muda anaokishikilia yeye. Wengi hawafiki.

Juzi mmoja wenu kaniuliza kama baada ya mwaka mzima mtu anaweza kurudia bia mbili za wikiendi. Nikamuuliza kama zamani aliwahi kuishia kwenye mbili. Akacheka, wenzake wakacheka zaidi. Basi jibu analo. Ijumaa nataka kumwona kwenye benchi na kilo arobaini, si sitini, na yeyote atakayemwambia aongeze atafagia banda.