Tunastaajabia Nini Mbele ya Fahari za Wafalme?

Ndugu msomaji, wako watu wasemao kwamba kuzuru majengo ya kale ni kupoteza wakati, na wako wengine watazamao kila ukuta mrefu kwa mshangao bila kuuliza neno. Makundi yote mawili yamekosea. Mtu amepewa jicho ili aone, na akili ili azingatie alichokiona.

Chukua mfano wa Delhi, mji mkuu wa India, ambao kumbukumbu zake kubwa mgeni aweza kuzizungukia kwa siku moja. Asubuhi ataingia Ngome Nyekundu, iliyojengwa na Mfalme Shah Jahan na kumalizika mwaka 1648. Miaka kumi tu baadaye, mwanawe Aurangzeb alitwaa ufalme, na baba akafungwa katika ngome ya Agra hata akafa mwaka 1666. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliiteka Delhi na kukichukua Kiti cha Tausi. Na mwaka 1858 mfalme wa mwisho wa ukoo huo, Bahadur Shah, alihukumiwa na Waingereza ndani ya ngome hiyo hiyo ya babu zake, akahamishiwa Rangoon, alikofia mwaka 1862. Kuta zile nene zilizuia nini basi?

Alasiri atafika penye Qutb Minar, mnara wa mita 73 hivi. Karibu nao kipo kisiki cha mnara mwingine, ambao Sultani Alauddin Khalji alikusudia uwe mrefu maradufu. Alikufa mwaka 1316, na mnara ukakomea ghorofa ya kwanza. Na hapo hapo yasimama nguzo ya chuma, yenye urefu wa zaidi ya mita 7 na uzito wa zaidi ya tani 6, ambayo kwa miaka ipatayo 1600 kutu haikuweza kuiangamiza. Maandishi yake yanamsifu mfalme aitwaye Chandra. Wahunzi walioifua hawakutajwa.

Labda utasema: bila hazina ya mfalme, wahunzi wangepata wapi chuma? Ni kweli. Lakini hazina ilitokana na jasho la raia, na amri ya mfalme haiungi chuma. Kilichoiunga ni ustadi na uangalifu wa watu ambao wangeweza kuficha kasoro ndani, mahali ambapo jicho la mfalme halingefika.

Basi kustaajabu si kosa. Kosa ni kukipa kiburi sifa iliyo haki ya kazi njema.

Wengi wetu hatutajenga ngome. Lakini fundi achanganyaye saruji, mwalimu asahihishaye madaftari, na karani ahesabuye fedha za umma, kila mmoja anayo saa ambayo hakuna mkaguzi ila Mwenyezi Mungu. Je, ndugu msomaji, kazi yako ya saa hiyo ingestahimili kutu?