Kabla ya Kumkabidhi Mtoto Punda

Lamu, mtoto wa kiume hukabidhiwa punda mapema, mara nyingi kabla hajamaliza shule ya msingi. Vichochoro vya Mji wa Kale, ule ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, vingine ni vyembamba hata punda wawili wenye shogi hawapishani, seuze gari. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe na magunia ya unga kutoka gatini hupita mgongoni mwa mnyama huyu. Basi mtoto hufundishwa kufunga shogi, kusawazisha mzigo na kudai ujira. Kutazama kinyesi cha punda wake, kupapasa ngozi yake, kusikiliza tumbo lake, hayo hufundishwa na wazazi wachache. Hapo ndipo wengi wetu tuna deni.

Punda anajua kustahimili, na ustahimilivu wake ndio unaomponza. Farasi akishikwa na tumbo hujibwaga, hugaragara, kila mtu akajua. Punda husimama kimya, kichwa kimeinama, chakula hakigusi. Mtoto asiyefundishwa atadhani ni uvivu, na fimbo itafuata. Kumbe huenda utumbo umeziba. Punda hawezi kutapika. Alichomeza sharti kipite njia yote mpaka nje. Majani humeng'enywa kwa kuchachuka katika utumbo mpana, lakini kamba ya nailoni haichachuki, wala kipande cha gunia la plastiki. Hukaa humo, kikajiviringa na kingine, hadi njia ikafungika.

Na vitu hivyo anavipata wapi? Jioni akishafunguliwa huzurura katika njia ya Usita wa Mui na majaani kutafuta chakula ambacho mwenyewe hakumpa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Lamu hiihii ndiko ilikoundwa Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu na ndara zilizookotwa ufuoni, lililofika Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Tulijivuna, na ilikuwa haki yetu. Ila taka za nyumba zetu zinaendelea kulala nje usiku mahali punda anapopita, na anayetumwa kwenda kuzitupa ni mtoto yuleyule mwenye punda.

Adui mwingine ni mchanga. Punda anayelishwa chini kwenye ardhi ya kisiwa kama hiki humeza mchanga pamoja na kila tonge, nao hujilundika tumboni. Hili mtoto anaweza kulipima mwenyewe. Achukue madonge machache ya kinyesi kibichi, ayatie katika chupa pana inayopenyeza mwanga, ajaze maji, atikise, aiache itulie. Mchanga ukionekana umetuama chini, ajue kwamba chakula cha punda wake kinapaswa kuwekwa katika beseni au juu ya gunia safi. Nimeona watoto wakilipenda zoezi hili kuliko hesabu za darasani, na lina faida kuliko baadhi ya hesabu hizo.

Wapo punda ambao hawana hata mtoto wa kuwapima. Mnyama akikonda, manyoya yakamtoka mabaka mabaka shingoni na mapajani, hana tena soko la mzigo. Hufunguliwa kamba akajitafutie. Nyumba nyingine humwokota, na aghalabu anayeanza kuvutwa na huruma ni mtoto. Mzazi akikubali, na ajue amekubali kazi ya miezi. Punda wa namna hii mara nyingi ana mambo matatu kwa pamoja: minyoo, meno mabovu na wadudu wa ngozi. Moja likitibiwa na mengine yakaachwa, mtarudi palepale.

Meno ya punda huendelea kuchomoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake, yakasagika kwa kutafuna. Yakichongoka upande hukata shavu, naye hushindwa kutafuna. Utaona vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu vimeanguka chini ya pua yake. Chakula kisichosagwa humkwama tumboni, hivyo daktari humkwangua meno kwa tupa maalumu. Minyoo nayo hutolewa kwa dawa inayopimwa kwa uzito wa mnyama, si kwa kukadiria kwa jicho. Chakula kibadilishwe polepole kwa muda wa wiki mbili hivi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, pumba iloweshwe, maji safi yasikosekane. Wala asifungishwe kwa nia ya "kulipumzisha tumbo": punda aliyekosa kula hujaa mafuta katika damu, na hali hiyo huua.

Kwa ngozi, wapo wanaopaka oili chafu ya mashine. Oili hiyo ni sumu; huchoma ngozi, na punda huilamba ikaingia katika tumbo lilelile mnalolitibu. Chawa huonekana kwa macho ukipekua manyoya ya shingo. Upele huhitaji daktari, na aina yake moja humpata hata binadamu, kwa hiyo mtoto anawe mikono kila amshikapo. Dawa hurudiwa baada ya muda kwa sababu mayai hubaki. Shogi na kamba zioshwe, na punda wenziwe watibiwe pia. Manyoya hayaoti kwa wiki moja, na mgongo usiopona haupaswi kubeba hata ndoo ya maji.

Madrasani wengi wetu tulisimuliwa habari za mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mbwa! Mnyama ambaye sisi Mashafii tukiguswa na mate yake twaosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu ya mate haikufuta haki ya kiu. Mwenye mbwa anayenyonyoka manyoya kule Mpeketoni ana wajibu uleule, na sisi wenye punda, tunaokula kwa mgongo wake, hatuna udhuru kabisa. Lakini msemo mtoto anaousikia zaidi ni ule wa punda afe, mzigo ufike. Aliyekuzwa kwa msemo huo ataupeleka mbali, kwa kibarua wake na kwa mkewe.

Mbio za punda wakati wa Maulidi zinapendeza na sizipingi. Ila mimi humpigia makofi zaidi mtoto aliyeshinda shindano la punda aliyetunzwa vizuri.

Kituo cha punda cha Donkey Sanctuary kimekuwa pale mbele ya bahari, mjini Lamu, tangu 1987. Wazazi wenzangu, punda akiugua msimtume mtoto peke yake, na mkienda naye msimwache mlangoni. Aingie, amsikie daktari, aulize, kwa sababu kesho alfajiri atakayempa punda dawa ni yeye.