Mwito wa Kamari Masikioni mwa Watoto

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Mwambao suala ambalo twaona halifai kujibiwa kwa neno moja. Wauliza: mtoto asiyecheza kamari, wala asiye na fedha ya kuichezea, lakini kila Jumamosi hukaa mbele ya televisheni akatazama mpira, na katika mpira huo akaona na kusikia matangazo ya kamari tangu mwanzo hata mwisho, je, hapo pana dhambi? Na kama ipo, ni dhambi ya nani?

Sisi tulioko huku bara, hapa Machakos, Waislamu tu wachache na misikiti yetu si mingi kama ya Mombasa au Lamu. Walakini katika jambo hili hapana bara wala pwani. Picha iingiayo nyumba ya Machakos ndiyo iingiayo nyumba ya Mji wa Kale, kwa saa ile ile na kwa maneno yale yale. Basi tunalolisema hapa ni letu sote.

Kwanza twapenda msomaji afahamu kuwa hatukusudii kuuharimisha mpira. Kushindana kwa mbio, kwa farasi na kwa kulenga mishale kulikuwako zama za Mtume wetu (S.A.W.), na yeye mwenyewe alishindanisha farasi. Tarehe 17 Disemba 2017, katika uwanja wa Kenyatta hapa Machakos, palichezwa fainali ya kombe la CECAFA baina ya Kenya na Zanzibar. Walitoka mbili kwa mbili, hata ikabidi waamuliwe kwa penalti, na Kenya ikatwaa kombe. Waliofurahi walifurahi, na waliohuzunika walihuzunika, na wala haikuwa lazima mtu awe ameweka shilingi ndipo moyo umpige. Hiyo ni dalili kuwa mpira una ladha yake peke yake, nayo haihitaji kuungwa kwa haramu.

Wako watoto waulizao, nao wana haki ya kujibiwa: mbona mchezaji hupewa kombe na fedha, na hiyo isiitwe kamari? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza jambo hili katika mlango wa mashindano. Tuzo itolewayo na mtu wa nje, au na upande mmoja tu, ni tuzo. Lakini wakitoa wote wawili, ili atakayeshinda aondoke na mali ya mwenziwe, hiyo ndiyo kamari, ila aingie kati yao wa tatu asiyetoa kitu. Mchezaji hulipwa kwa jasho lake. Mcheza kamari hana jasho alilolitoa. Hungoja tu khasara ya mwenziwe iwe faida yake.

Sasa tutazame namna mwito huu ulivyoingia. Kampuni ya SportPesa ilianza kazi Kenya mwaka 2014, na haikupita muda Ligi Kuu ya Kenya ikaitwa kwa jina lake. Baadaye, mwaka 2020, ligi hiyo ikapewa jina la BetKing, hata 2021. Tanzania nako, Simba na Yanga zote mbili zilivaa jina la SportPesa mwaka 2017, na mwaka huo huo Everton ya Uingereza ililiweka kifuani ikaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Fikirini maana yake. Mtoto hakuweza kuitaja ligi ya nchi yake ila aitaje na kampuni ya kamari. Hakuweza kumchora mchezaji ampendaye ila amchore na jina lile kifuani. Jina likawa sehemu ya mapenzi yake kabla hajajua ni jina la nini.

Na mipira ya Uingereza, ambayo ndiyo itazamwayo zaidi majumbani kwetu, yamezidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol walihesabu matangazo ya kamari yaliyotoka katika siku za mwanzo tu za msimu wa Ligi Kuu ya huko, kwa televisheni, redio na mitandao. Mwaka 2023 walipata 10,999. Mwaka 2024 walipata 29,145. Ni mahubiri gani ya Ijumaa, na ni darasa gani la chuoni, liwezalo kushindana na idadi hiyo?

Basi turudi kwenye suala. Wako wasemao: tangazo si kamari, ni khabari tu, atakaye atacheza, asiyetaka ataacha, wala hakuna aliyelazimishwa. Maneno haya yana sura nzuri, lakini sharia yayavunja. Katika Hadithi iliyo sahihi, Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mtu akimwambia mwenziwe waende wakacheze kamari, basi na atoe sadaka. Tazameni vyema. Hakusema akisha kucheza, wala hakusema akishinda au akishindwa. Ni neno tu limetoka kinywani, huenda hata mwenziwe akalikataa, na bado neno lenyewe lataka kafara. Kwa hivyo mwito ni kosa linalosimama kwa miguu yake. Na tangazo ni nini ila ni neno lile lile la "njoo tucheze," likisemwa si na mtu mmoja kwa rafiki yake, bali kwa maelfu ya nyumba kwa mara moja?

Tena Qur'ani, katika Suratul Maida, ilipotaja ulevi na kamari haikutuambia tu tusifanye. Imetuamuru tujiepushe nazo, na kujiepusha ni zaidi ya kuacha. Mtu aachaye kisima hachoti maji yake. Mtu ajiepushaye nacho hapiti ukingoni. Na kazi ya tangazo ni kuusogeza ukingo ule hata ufike chumbani petu.

Ama mtoto, yeye hana dhambi. Sote twajua kuwa kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Lakini wengi wetu hukomea hapo tukapumua, kana kwamba kalamu ikiinuliwa juu ya mtoto, wino hukauka. Sivyo. Jambo bado limetendeka, na lina aliyelitenda. Mtoto asipoandikiwa, huandikiwa aliyemwita, aliyelipa ili aitwe, aliyemfungulia mlango mwitaji, na mzazi aliyekuwa akisikia akanyamaza ilhali aweza kusema. Udogo wa mtoto haupunguzi kosa. Wazidisha, kwa sababu mkubwa aitwapo ana akili ya kujibu, na mtoto hana. Atakapobaleghe, na kalamu ikashuka juu yake, itamkuta moyo ambao umekwisha kulimwa na kupandwa na wengine.

Na mbegu yenyewe ni ipi? Si shilingi ishirini atakayoipoteza. Ni kuona kuwa riziki huja kwa kubahatisha. Mwaka 2017 mtu mmoja nchini Kenya alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri mipira, na picha yake ikaonekana kila mahali. Walioshindwa ili fedha hiyo ipatikane hawakupigwa picha. Mtoto huona mshindi mmoja akicheka, wala haoni karo iliyopotea wala kodi ya nyumba isiyolipwa. Basi akimtazama babake akitoka alfajiri kwenda bandarini au shambani, na kurudi na kidogo, ataanza kumwona ni mjinga. Khasara hii ndiyo kubwa, kwa kuwa mtoto aliyedharau kazi ya babake ni vigumu kumrejesha.

Twaambiwa pia kuwa kampuni hizi hulisha wachezaji. Hili ni kweli, wala haifai kulikanusha. Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipozinyima leseni kampuni nyingi za kamari, ufadhili ulikatika na timu zikaona taabu ya kulipa wachezaji wake. Vijana masikini walikwenda bila mishahara, na wao hawana kosa. Lakini Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, alikwisha kutujibu kwa uadilifu ambao mwanadamu hana: hakukataa kuwa ulevi na kamari zina manufaa kwa watu, amesema dhambi yake yashinda manufaa yake. Mshahara wa mchezaji mmoja uliotoka mifukoni mwa wazazi elfu ni manufaa, naam, lakini ni manufaa ya namna hiyo.

Wengine husema: mbona tangazo huandikwa kuwa ni kwa waliotimiza miaka 18? Twasema, maandishi yale ni ushahidi juu ya mwenye tangazo, si utetezi wake. Ameandika kwa kuwa ajua watoto wanatazama. Huko Uingereza, jezi rasmi za kipimo cha watoto haziuzwi na jina la kamari kifuani. Zile za kuiga zijazazo masoko yetu, nyingi zina jina hilo hata ziwe za mtoto wa chekechea. Na vilabu vya huko vilikubaliana Aprili 2023 kuliondoa jina la kamari kifuani mwa jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26, ingawa mikono ya jezi na mbao zizungukazo uwanja hazikuguswa. Hapa Kenya, tarehe 29 Aprili 2025, Bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote kwa siku 30, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kuwakinga watoto. Na Agosti mwaka huo ikatiwa sahihi sheria mpya ya kamari mahali pa ile ya 1966. Ikiwa watu wasioiharimisha kamari wameona khatari hii, sisi tulioharimishiwa tangu karne kumi na nne tutasema nini?

Basi yatupasa nini? Hatusemi mtu auze televisheni yake. Mzazi na akae na mwanawe, na tangazo likija aliite kwa jina lake: hii ni kamari, na huu ndio werevu wake. Sauti na izimwe wakati wa mapumziko. Jezi yenye jina la kamari isivaliwe na mtoto, wala isiingie msikitini. Mwenye banda la kuonyeshea mpira asiruhusu kubeti ndani yake, na asidhani kuwa kiingilio cha mtoto ni halali kwake huku akimfungulia mlango wa haramu. Nambari ya siri ya simu ya fedha asipewe mtoto kwa kumtuma dukani. Na kamati zetu zisipokee sadaka itokayo kwa kampuni hizi, hata ikiwa ni ya kujengea choo.

Lakini liko jambo ambalo bila yake hayo yote ni maneno. Tukimkataa mfadhili wa haramu, ni lazima tufadhili sisi. Mtaa wenye wanaume mia, kila mmoja akatoa shilingi kumi kwa juma, kwa mwezi hupata elfu nne. Mpira utanunuliwa, na nyavu, na vijana watacheza wakiwa na jina la mtaa wao kifuani. Tukiona uzito kutoa shilingi kumi, basi tusiwalaumu wageni waliokuja kuwalea watoto wetu kwa gharama yao na kwa makusudio yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie tuwe wa kwanza kuwaita kwenye kheri kabla hawajaitwa na wengine. Amin.