Hakuna Mtu Hupiga Picha Breki

Gari likitolewa injini na kutiwa nyingine yenye nguvu zaidi, bado ni gari lile lile? Serikali ya Kenya ina jibu, angalau kwenye karatasi. Logibuku ina nambari ya chasisi na nambari ya injini, kila moja na mahali pake. Injini ikibadilika unaenda kurekebisha rekodi. Chasisi ikibaki, gari limebaki. Yaani mbele ya sheria gari ni mifupa, moyo ni spea kama spea nyingine.

Nauliza kwa sababu swali hili limetuingilia nyumbani. Baba alituachia Toyota Starlet, ile EP91, umbo la mwisho kabla Starlet haijaachwa kuundwa mwaka wa 1999. Ndani kuna injini ya 4E-FE: cc 1331, nguvu za farasi 85 ilipokuwa mpya. Ndugu yangu mkubwa anataka kuing'oa atie 4E-FTE. Ukubwa ni ule ule, cc 1331, ila hii ina turbo na ilitoka kiwandani na farasi 135. Mama hataki hata kuisikia. Anasema hilo ndilo gari lililompeleka baba hospitali na kumrudisha, na halikuwahi kulala njiani hata siku moja.

Ndugu yangu naye si mjinga. Anasema 4E-FTE si injini ya kuokoteza, ndiyo Toyota wenyewe waliyoiweka kwenye Glanza V, na Glanza V ni hiyo hiyo Starlet EP91. "Sibadilishi gari la baba," alimwambia mama. "Nalifanya lile angenunua kama angekuwa na pesa." Bana, hiyo ilinyamazisha meza. Mama alikusanya vyombo akaenda jikoni, na sisi tukabaki tukitazama kitambaa.

Chuoni, kabla sijaacha masomo, nilikutana na meli ya Theseus. Ni moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao, ubao ukioza wanautoa na kutia mwingine, hadi wanafalsafa wakaanza kugombana kama bado ni meli ile ile. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes akaongeza chumvi: mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuunda meli nyingine, ya kweli ni ipi? Darasani lilikuwa fumbo. Ukishuka Kirinyaga Road, pale tunapaita Grogan, ni biashara ya kila siku. Injini iliyotolewa ikiwa nzima haitupwi, inaingia kwa gari la mtu ambaye yake imekufa. Ya baba inaweza kuamka Jumatatu ndani ya teksi huko Kayole, ikibeba watu wasiowahi kusikia jina lake. Na hiyo ya turbo pia ilikuwa na maisha yake Japani, kwa gari ambalo labda mtu alilipenda.

Ndiyo maana hoja ya mama hainishiki sana, ingawa mama mwenyewe ananishika. Baba alibadilisha klachi, redieta, na mlango mmoja baada ya matatu kumparura, na hakuna aliyeomboleza. Tumechagua kiungo kimoja tukakiita moyo, basi.

Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine. Wapenda magari wana starehe yao moja: gari lenye nguvu lililoachwa na sura ya kinyonge. Rangi imefifia, vifuniko vya magurudumu ni vya plastiki, kibandiko cha kanisa kiko kwa kioo cha nyuma. Unasimama kwa taa kando ya Subaru, kijana wa Subaru anacheka, taa ikigeuka kijani anabaki akisoma nambari yako kwa nyuma. Ndugu yangu anataka hivyo hasa. Hata kibandiko cha mama amesema kisiguswe.

Je, huo ni uongo? Kwa yule wa Subaru ni mzaha tu, na amejiingiza mwenyewe. Lakini kuna mtu mwingine anayesoma sura ya gari kwa makini kuliko yeye, naye ni yule anayevuka kwa miguu. Nairobi mara nyingi tunavuka kwa macho. Unatazama kinachokuja unakipima: hiyo ni Probox, usijaribu, hii ni Starlet ya mzee, imetoka tu kwa raundabauti, niko na muda. Hesabu hiyo tumeifanya tangu utotoni, na inategemea gari kuwa vile linavyoonekana. Farasi 50 zilizofichwa zinaiharibu hesabu ya mtu ambaye hakuambiwa kuna mashindano. Ndugu yangu anasema hatakanyaga mafuta penye watu. Namwamini siku za kawaida. Shida ni kwamba hakuna mtu hununua turbo kwa sababu ya siku za kawaida.

Halafu breki. Hii ni fizikia ya sekondari, haihitaji digrii, asante Mungu: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inakuwa mara nne. Kutoka 60 hadi 120, mara nne. Breki zilizoko ziliwekewa gari la farasi 85, na zimezeeka nalo. Fundi wetu, mzee wa maneno machache, alimwandikia orodha kwa kipande cha katoni: injini, giaboksi yake, redieta kubwa, breki, shoki. Ndugu yangu akapiga hesabu, pesa zikaishia kwa giaboksi.

"Breki nitafanya baadaye," akasema.

Nikamuuliza mbona asianze nazo.

"Wewe, hakuna mtu hupiga picha breki."

Tulicheka, mimi pia. Lakini hapo ndipo swali la meli liliponitoka kichwani likaingia hili. Nguvu ni raha ya aliye kwa usukani. Breki, sehemu kubwa, ni za watu asiowajua. Ukilipia ya kwanza taslimu na ya pili ukaiweka "baadaye", umemkopa mtu wa barabarani na hujamuuliza kama ana cha kukukopesha.

Gari kwa sasa limeandikwa jina la mama, kwa hivyo bila yeye hakuna rekodi itakayorekebishwa. Aliniita pembeni akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye wa kusomasoma, aseme nini. Nikamwambia akubali, ila breki ziingie kwanza, zote, azione kwa macho, ndipo injini iguswe. Ndugu yangu alinuna siku kadhaa, akaanza kuniita wakili wa wapita njia. Wiki jana amenunua breki za mbele. Za nyuma, anasema, baadaye.